Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Coney Island Kuhusu Wanyama Waliojenga Jina Lake

Kwa Meya na Baraza la Jiji la New York. Kwa Idara ya Bustani ya Jiji. Kwa uongozi wa Wildlife Conservation Society, shirika la kuhifadhi wanyamapori, ambao ndio wasimamizi wa New York Aquarium, bustani ya viumbe wa majini. Na kwa kampuni inayoendesha Luna Park ya leo.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkazi wa Brooklyn niliyezaliwa na kukulia Tanga, na ombi langu ni moja ingawa sehemu zake zinawagusa ninyi nyote. Ninaomba historia ya wanyama wa Coney Island, ule mtaa wetu wa ufukoni wenye bustani za burudani, iwekwe kwenye vibao vya kudumu, mahali ambapo mpita njia yeyote ataisoma bila kulipa kiingilio, na iandikwe pamoja na majina ya wafanyabiashara walioamua yaliyowapata wanyama hao. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoitegemea ninapokuwa na jambo zito la kusema, na ninaiweka barua hii wazi kwa kuwa wageni wengi kutoka nyumbani hufika Coney Island, wakala, wakacheka, wakapiga picha mbele ya lile gurudumu kubwa la Wonder Wheel, kisha wakaondoka wakiwa wamesikia kisa cha tembo aliyeuawa kwa umeme, kisa ambacho kwa namna kinavyosimuliwa mitaani nusu yake si kweli.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalifikirii, kwamba biashara nzima ya bustani ya burudani yenye uzio na lango ilianzia hapo kwa mgongo wa wanyama. Tarehe 4 Julai 1895, Kapteni Paul Boyton, ambaye alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kuelea kwenye mito na bahari akiwa ndani ya vazi la mpira, alifungua Sea Lion Park nyuma ya ile hoteli ya mbao na bati iliyojengwa kwa umbo la tembo, hoteli ambayo iliteketea kwa moto mwaka uliofuata. Hadi wakati huo vivutio vya ufukoni vilikuwa vimetawanyika, kila kimoja na mwenyewe na bei yake. Boyton aliviweka vyake ndani ya uzio mmoja, akasimamisha lango, akatoza kiingilio, na kwa sababu hiyo wanahistoria wengi huitaja bustani yake kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Marekani. Kulikuwa na mashua zilizoporomoka kwenye mteremko mrefu hadi zikapiga maji ya dimbwi, na kulikuwa na reli yenye kitanzi iliyowapindua watu kichwa chini miguu juu. Hata hivyo, jina lililoandikwa langoni lilikuwa la simba bahari wapatao 40 waliofunzwa kucheza mbele ya watazamaji, na hao ndio waliowavuta watu wa kwanza kutoa senti zao.

Miaka miwili baadaye jirani yake, George C. Tilyou, alifungua Steeplechase Park, ambako kivutio kikuu kilikuwa mashindano ya farasi wa kutengenezwa waliokimbia juu ya reli wakiwa wamebeba watu. Ninaomba mlikumbuke hili kila mtakapoambiwa kwamba zama zile burudani haikuwezekana bila mnyama hai. Farasi wa Tilyou hawakuhitaji nyasi wala mjeledi, na bustani yake ndiyo iliyodumu kuliko zote za zama zake, kwani ilifungwa mwaka 1964, miaka mingi baada ya washindani wake kuwa majivu.

Sasa nifike kwa Topsy, kwa kuwa hakuna mnyama wa Coney Island anayetajwa zaidi yake na hakuna anayesimuliwa vibaya zaidi yake.

Topsy alikuwa tembo wa Asia. Alikamatwa akiwa ndama, akaingizwa Marekani kwa siri katikati ya miaka ya 1870, na mwaka 1877 mwenye sarakasi Adam Forepaugh akamtangaza kuwa tembo wa kwanza kuzaliwa katika ardhi ya Marekani. Huo ulikuwa uongo wa kibiashara, uliotungwa katika ushindani wake na P. T. Barnum, mwenye sarakasi mwingine, na Barnum mwenyewe ndiye aliyeufichua. Jina alilopewa lilikuwa la msichana mtumwa katika riwaya iliyosomwa sana nchini humo. Kwa muda wa miaka 25 hivi aliishi kwa minyororo na mabehewa, mji baada ya mji, hadi Mei 1902, sarakasi ilipopiga kambi Brooklyn na mtazamaji mmoja aliyelewa akaingia kwenye hema la wanyama, akawachokoza tembo waliokuwa wamefungwa kwa safu, akamrushia Topsy mchanga usoni na kumuunguza ncha ya mkonga kwa sigara iliyokuwa ikiwaka. Topsy alimuua mtu huyo. Mwezi uliofuata, katika mji wa Kingston, mtazamaji mwingine alimchokonoa kwa kijiti nyuma ya sikio. Huyo aliinuliwa na kubwagwa chini, lakini alinusurika. Kuanzia hapo magazeti yalimbambikia vifo ambavyo hakuna aliyeweza kuvithibitisha, na sarakasi ikaona afadhali imuuze. Mnunuzi alikuwa Boyton wa Sea Lion Park.

Majira ya joto ya mwaka 1902 yalikuwa ya mvua, watu hawakufika ufukoni, na Boyton akashindwa kuendelea. Ardhi yake ikachukuliwa kwa mkataba wa kukodi na Frederic Thompson na Elmer Dundy, vijana wawili waliokuwa wamepata fedha na sifa kwa mchezo wao wa kuwapeleka watu mwezini kwa chombo cha kubuni. Topsy alihama mikono pamoja na ardhi. Wawili hao walikuwa wakijenga hapo bustani yao mpya, Luna Park, wakamtumia kuvuta mizigo ya ujenzi, na walipokihamisha chombo chao kutoka Steeplechase, yeye ndiye aliyefungwa kamba akivute.

Mtunzaji wake aliitwa William Alt, na ninaomba maandishi yoyote mtakayoyaweka yasimfiche wala yasimfanye kisingizio. Alikuwa mlevi. Oktoba 1902 alimchoma Topsy kwa uma wa shambani ili avute kwa nguvu zaidi, na askari polisi alipomkemea, Alt alimfungulia tembo akamwachia atembee barabarani, jambo lililomfanya akamatwe. Desemba, akiwa amelewa tena, alimpanda Topsy mgongoni, akampitisha mitaani hadi kwenye kituo cha polisi na kujaribu kumwingiza ndani, huku tembo akipiga mbiu ya hofu na askari wakikimbilia kwenye vyumba vya mahabusu. Alt alifukuzwa kazi. Thompson na Dundy wakabaki na tembo asiye na mtunzaji, wakati wa baridi kali, katika bustani ambayo ilikuwa haijaanza kuingiza hata senti moja, na hakuna sarakasi wala bustani ya wanyama iliyokubali kumchukua hata bure.

Waheshimiwa, hapo ndipo penye kiini cha ombi langu. Uamuzi wa wamiliki haukuwa tu kumuua mnyama waliyeona ni hatari. Walitangaza kwamba watamnyonga hadharani, na kwamba watakaotaka kutazama watalipa senti 25 kila mmoja. Kifo chake kilipangwa kiwe tangazo la bustani mpya. Chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, chini ya rais wake John Peter Haines, kiliingilia kati, kikapinga kunyongwa na kikapinga kuuzwa kwa tiketi. Matokeo yake yakawa mapatano: sumu, umeme na kamba za kukaza shingo kwa pamoja, mbele ya wageni waalikwa na waandishi wa habari. Siku hiyo, tarehe 4 Januari 1903, watu wapatao 1,500 walikuwamo ndani ya uzio, na wengine walitazama kutoka kwenye madari na vibaraza vya jirani.

Walitaka kumuua kwenye kisiwa kidogo katikati ya dimbwi la mashua, lile lile alilolichimba Boyton, ili watazamaji wapate kumwona vizuri. Topsy aligoma kuvuka daraja. Walimbembeleza kwa karoti na matufaha, wakamsukuma, hakusogea. Walimtafuta Alt na kumwahidi dola 25 iwapo angemshawishi avuke, na Alt, mtu yule yule aliyekuwa amemchoma kwa uma miezi michache nyuma, alikataa fedha hizo na akakataa hata kuwapo. Kwa hiyo waya zilivutwa hadi mahali aliposimama. Alilishwa karoti zilizotiwa gramu 460 za sianidi ya potasiamu. Alivishwa miguuni viatu vilivyofunikwa shaba. Kisha volti 6,600 zilipitishwa mwilini mwake kwa sekunde 10, na alipoanguka, winchi ya mvuke ikazikaza kamba shingoni mwake kuhakikisha haamki.

Filamu ya tukio hilo ipo hadi leo, nayo ina urefu wa zaidi kidogo ya dakika moja. Inamwonyesha akiongozwa, akitembea kwa utulivu kati ya mbao na vifusi vya ujenzi, na nyuma yake panaonekana jengo ambalo halijakamilika. Kisha tunamwona amesimama na mkanda mwilini. Moshi mweupe unafuka kutoka miguuni, mwili unakakamaa, na tembo anaanguka kwa ubavu, huku moshi ukiendelea kupanda. Ndani ya wiki mbili filamu ile ilikuwa imekwisha kutolewa ili watu waitazame kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Senti 25 za langoni zilikuwa zimezuiwa, lakini sarafu za kwenye mashine hakuna aliyezizuia.

Kuna maelezo mawili yanayozunguka juu ya kifo hicho, na yote mawili yanawafaa wasiostahili kufichwa. La kwanza ni la tembo muovu, muuaji wa watu wengi, aliyehukumiwa kwa makosa yake. Hilo ndilo lililouzwa na wamiliki wenyewe mwaka 1903. La pili limeenea sana siku hizi, kwamba Thomas Edison alimuua Topsy ili kuuthibitishia ulimwengu kuwa umeme wa washindani wake ni hatari. Ushindani ule wa mifumo ya umeme ulikuwa umekwisha miaka kumi nyuma, Edison alikuwa amekwisha kutoka katika biashara hiyo, na hakuna ushahidi kwamba alifika Coney Island siku ile. Kilichokuwapo ni kampuni ya umeme ya Brooklyn iliyobeba jina lake, na kampuni yake ya filamu iliyoleta kamera. Watu wanaposema "ni Edison," Thompson na Dundy wanatoka kwenye picha wakiwa safi, na tangazo lao linageuka kuwa ugomvi wa wavumbuzi. Ninaomba kibao kiseme wazi kwamba waliopanga ni wenye bustani, kwa ajili ya bustani.

Luna Park ilifunguliwa tarehe 16 Mei mwaka huo huo, ikiwa na taa 250,000 hivi, katika wakati ambao nyumba nyingi za jiji hili hazikuwa na taa hata moja ya umeme. Sikatai kwamba ulikuwa mji wa ajabu kuutazama usiku, na wahamiaji waliofanya kazi za viwandani juma zima walistahili kuuona. Ndani yake kulikuwa na tembo wengine na ngamia wa kupandwa. Mwaka 1904 tembo walifundishwa kuteremka kwenye mteremko uliojengwa kwa ajili yao hadi majini, na filamu ya tembo hao ipo pia, ikionyesha viumbe wa tani kadhaa wakiserereka kwa makalio mbele ya umati uliovaa kofia. Juni ya mwaka huo magazeti yaliandika kwamba tembo mmoja aitwaye Fanny alitoroka ufukoni, akaogelea hadi Staten Island, na polisi wa huko wakamkamata. Yalikichapisha kisa hicho kama kichekesho. Mimi nikikisoma leo, ninaona tembo aliyeingia baharini usiku ili kuondoka.

Upande wa pili wa barabara ya Surf Avenue, William H. Reynolds alifungua Dreamland Mei 1904, akikusudia kuishinda Luna Park kwa taa milioni moja na majengo meupe. Wanyama wake walikuwa katika ukumbi wa Frank Bostock, Mwingereza aliyejiita mfalme wa wanyama, na nyota wake alikuwa Jack Bonavita, aliyeingia ulingoni na kundi la simba kwa pamoja. Mwaka 1904 huo huo simba mmoja alimrarua mkono, na mkono huo ukakatwa. Mwongozaji mwenye mkono mmoja aliwavuta watu zaidi kuliko mwenye miwili, na biashara ikaendelea.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, siku ambayo msimu mpya wa Dreamland ulikuwa uanze, mafundi walikuwa wakiziba maji yaliyovuja kwenye mchezo ulioitwa Hell Gate. Taa zikazimika ghafla, na katika giza ndoo ya lami ya moto ikapinduka. Majengo yale meupe yalikuwa ya mbao na plasta tu, yakashika moto yote. Watoto njiti waliokuwa wakitunzwa hapo kwenye mashine za joto za Dakta Martin Couney, ambaye aliwaonyesha kwa kiingilio ili kugharamia matibabu yao, waliokolewa wote, na hakuna binadamu aliyekufa. Kwa wanyama hali ilikuwa tofauti. Waliokuwa katika maonyesho ya Joseph Ferari walikuwa ndani ya vizimba vya chuma, waongozaji wao walijaribu kuwatoa, wengine wakalazimika kuwapiga risasi, na wapatao 60 walikufa. Tembo mdogo, Little Hip, alikataa kumfuata mtu mwingine yeyote isipokuwa mtunzaji wake, ambaye hakuwapo, akafia pale pale.

Simba aitwaye Black Prince alitoka. Alikimbilia barabarani huku manyoya ya shingo yakiwaka, akapenya katikati ya watu, akapanda juu ya reli ya mchezo wa jirani, na polisi wakamfuata wakimmiminia risasi hadi akaanguka. Kwa mujibu wa magazeti ya siku zile, watu waliuvamia mzoga wake, wakang'oa meno na manyoya ya kupeleka nyumbani kuwa kumbukumbu.

Dreamland haikujengwa tena. Jiji lilikuja kuimiliki ardhi hiyo, na Juni 1957 New York Aquarium ikafunguliwa juu yake. Naomba uongozi wa Wildlife Conservation Society utafakari hilo kwa uzito: maelfu ya watoto wanaokaa kwenye viti vya ukumbi wenu kuwatazama simba bahari wamekaa juu ya ardhi ambako wanyama wapatao 60 waliungua wakiwa wamefungiwa, umbali wa hatua chache kutoka mahali ambapo simba bahari wa Boyton walikuwa kivutio cha kwanza cha kulipiwa. Taasisi yenu nayo ilianzishwa mwaka 1895, mwaka ule ule wa Sea Lion Park. Sisemi kwamba kazi yenu ni sawa na ya Boyton. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunaijua kazi yenu kwa upande mwingine, kwa kuwa mmefanya kazi ya hifadhi katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na ni watafiti wenu waliomkuta mwaka 2003, na kumtambulisha kwa wanasayansi mwaka 2005, nyani kipunji wa misitu ya Mlima Rungwe, ambaye wenyeji walikuwa wakimjua kwa jina hilo. Taasisi inayojua thamani ya mnyama mmoja katika msitu wa Rungwe haiwezi kushindwa kumtaja Little Hip mahali alipofia.

Tena mmekwisha kuonyesha kwamba mnaweza kusema ukweli mgumu. Septemba 1906, ndani ya bustani yenu ya wanyama ya Bronx, Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ili atazamwe. Waliopinga walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti wakiongozwa na James H. Gordon, aliyesimamia kituo cha watoto yatima hapa Brooklyn, na ni kituo hicho kilichompokea Ota Benga alipotolewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Luna Park ilikuwa imewaweka watu wa Bontoc kutoka Ufilipino ndani ya kijiji cha maonyesho. Anayekubali kufungia mnyama kwa ajili ya tiketi hakuchelewa kumfungia binadamu. Julai 2020 mliomba radhi kwa yaliyompata Ota Benga na mkaweka wazi nyaraka zenu za kisa chake. Kwetu sisi wenye asili ya upande ule wa Afrika, radhi ile ilikuwa na maana, ingawa ilichukua zaidi ya karne moja kutolewa. Kibao cha Dreamland hakihitaji radhi kama ile, kwa sababu moto ule haukuwa wenu. Kinahitaji tu msimamizi wa ardhi hiyo akubali kusema kilichotokea juu yake.

Najua majibu mawili nitakayopewa. Moja ni kwamba watu wa zamani walikuwa na mizani yao, na si haki kuwapima kwa mizani yetu. Lakini nimekwisha kueleza kwamba waliokataa walikuwa wa wakati ule ule. Haines alikataa tiketi ya kunyongwa mwaka 1903. Alt alikataa dola 25. Gordon na wachungaji wenzake walikataa mwaka 1906. Kuwasahau hao na kusema kwamba wote walikuwa namna moja ni kuwadhulumu walioona vema wakati wenzao hawakutaka kuona.

Jibu la pili ni kwamba familia huja Coney Island kufurahi, na habari za vifo zitawaharibia siku. Nimewatembeza watoto wa ndugu zangu hapo, na nimeona kwamba mtoto huuliza moja kwa moja: tembo walikuwa wapi, kwa nini hawapo tena? Jibu lipo, na ni la heshima kwa jiji hili. Mwaka 2017 Baraza la Jiji la New York lilipiga marufuku wanyama wa porini katika sarakasi, na mwaka huo huo sheria ya Jimbo ilipiga marufuku maonyesho ya tembo. Mtoto akijua kwamba sheria hizo zina mizizi umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye mchezo alioupenda, siku yake haijaharibika. Na watu wazima wanaofika hapo si wageni wa mambo haya. Makumbusho ya Coney Island iliwahi kuweka kumbukumbu ya Topsy mwaka 2003, na watu walikwenda kuitazama.

Kuhusu mahali pa vibao, ninaomba msifanye haraka ya kuchagua palipo rahisi. Luna Park ya leo, iliyofunguliwa mwaka 2010, iko upande wa kusini wa Surf Avenue. Ile ya Thompson na Dundy ilikuwa upande wa kaskazini, mahali ambapo sasa yamesimama majengo marefu ya makazi yaliyorithi jina lake, na wanaoishi humo ndio wanaopita kila siku juu ya mahali alipoanguka Topsy. Hao waulizwe kwanza. Kibao chake kiwe upande huo, kandokando ya njia ya watu, na kiwe kwa lugha zinazozungumzwa na wakazi wa mtaa huo, Kirusi, Kihispania na Kichina zikiwamo, si Kiingereza peke yake. Cha Dreamland kiwe nje ya uzio wa New York Aquarium, kwenye ile njia ya mbao ya ufukoni, ili asiye na fedha ya kiingilio asikikose. Kampuni ya Luna Park ya leo haikurithi kosa lolote la waliotangulia, lakini imerithi jina na inanufaika nalo, kwa hiyo ni haki ichangie gharama na iruhusu maandishi mafupi langoni mwake yanayoeleza tembo walikuwa nani, ikiwa ni pamoja na wale walioserereka majini mwaka 1904.

Maandishi yenyewe yaandikwe na wanahistoria, yapitiwe na watu wa mtaa, na yasitumie maneno ya kupamba. Yasiseme kwamba Topsy "alihukumiwa," kwa kuwa hapakuwa na mahakama. Yasiseme kwamba wanyama wa Dreamland "walipotea" katika moto. Yataje Forepaugh, Boyton, Thompson, Dundy, Reynolds, Bostock na Ferari kwa majina, kwa sifa zao za ubunifu na kwa maamuzi yao, na yawataje pia waliopinga.

Tarehe 4 Januari 2028 itatimia miaka 125 tangu Topsy auawe. Muda uliobaki unatosha kwa utafiti, vibali, fedha na mikutano, iwapo kazi itaanza sasa. Ninaomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wazi wa Brooklyn Community Board 13, ambayo ndiyo halmashauri ya mtaa wa Coney Island, na kila mmoja wenu amtume mwakilishi mwenye mamlaka ya kujibu. Ninaomba pia Idara ya Bustani itaje kwa maandishi ofisi itakayosimamia maombi ya vibao hivyo, ili sisi wananchi tujue mlango wa kubisha. Nitahudhuria mkutano huo, na niko tayari kujitolea katika kamati yoyote mtakayoiunda.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Brooklyn, mzaliwa wa Tanga